Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa Makavazi ya Kitaifa: shanga za kioo zisihukumiwe kwa gamba lake

Mheshimiwa Mkurugenzi Mkuu,

Sisi tunaochunguza kioo cha kale tunakuomba jambo moja. Kibali cha kupima shanga za Gedi, mji wa kale wa pwani ya Kenya, zikiwemo zilizochimbuliwa tangu mwanaakiolojia James Kirkman alipoanza kazi huko mwaka 1948, kisikubali matokeo ya kifaa cha eksirei cha mkononi peke yake.

Kifaa hicho ni chepesi na hakiharibu kitu. Kitumike kutenga shanga zenye risasi au bati. Swali la kwanza kuhusu kioo, hata hivyo, ni magadi yake, yanayosaidia mchanga kuyeyuka, yalitoka wapi: ardhini, au kwenye jivu la mimea inayostahimili chumvi? Oksidi ya magnesiamu ikizidi asilimia 1.5 hivi, kwa kawaida ni jivu. Potasiamu, ingawa nayo imo kwenye jivu, haitoshi kuamua, kwani mchanga wa India wenye madini ya feldspa huja na potasiamu yake. Sasa, mionzi ya sodiamu na magnesiamu ni hafifu mno, na hewa huimeza kabla haijafika kwenye kitambuzi. Isitoshe, ushanga uliozikwa karne nyingi umenyonywa sodiamu na maji, silika, yaani kiini cha mchanga, ikabaki imerundikana juu. Kinachopimwa ni gamba.

Leza iliyounganishwa na spektrometa ya masi, mashine inayotambua elementi kwa uzito wa atomi zake, hulivuka gamba hilo. Ushanga huingia chemba mzima bila kukatwa, na tundu linalobaki halizidi sehemu ya kumi ya milimita. Vipimo vya sekunde 20 za mwanzo za leza vitupwe, kwa kuwa ni vya gamba, kisha zipimwe nukta nne kwa kila rangi. Vioo vya rejea, yaani vyenye kemia inayojulikana tayari, NIST 610 pamoja na Corning B na D, vipimwe mwanzo na mwisho wa kila kundi. Bila hivyo mashine ikiyumba hakuna atakayejua. Kwa ushanga wa njano, oksidi za risasi na bati ziondolewe kwanza, kilichobaki kihesabiwe upya hadi 100, la sivyo rangi itaficha kioo chenyewe.

Tunasisitiza pia: kemia huonyesha kioo kilikoyeyushwa, haionyeshi ushanga ulikotengenezwa. Kioo kilisafirishwa kikiwa mabonge, kikavutwa shanga kwingine. Ripoti itenganishe mambo hayo mawili.

Mwisho, namba ghafi zote, za vioo vya rejea zikiwemo, ziwekwe Nairobi pamoja na namba ya ushanga na tabaka la udongo ulimotoka, kabla shanga hazijarudishwa sandukuni.

Wako,
Wachunguzi wa kioo cha kale, Nairobi