Morricone hakuwa mtunzi wa filamu za kauboi tu

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako nisahihishe makala mliyoitoa juzi kuhusu muziki wa filamu, ambamo Ennio Morricone alitajwa kuwa "mtunzi wa kauboi", basi, mwandishi akaendelea na mengine.

Mwitalia huyo, aliyezaliwa Roma mwaka 1928 na kufariki dunia huko huko Julai 2020, alitunga muziki wa filamu na vipindi zaidi ya 400, na za kauboi hazifiki hata sehemu moja ya kumi. Nakubali kwamba jina lake lilivuma kwa A Fistful of Dollars ya mwaka 1964, iliyoongozwa na Sergio Leone, waliyesoma pamoja shule ya msingi, na kwamba ule mluzi uliochanganywa na mlio wa mjeledi, kengele na gitaa la umeme haujatutoka masikioni hadi leo. Lakini ufundi huo hakuuokotea kwenye kauboi. Alikuwa amesomea tarumbeta na utunzi katika chuo cha Santa Cecilia, kisha akawa mpangaji wa muziki wa nyimbo za kawaida za Kiitalia, na katika mmojawapo aliingiza mlio wa kopo la bati likibiringika.

Ajabu zaidi, gazeti linalosomwa Afrika limeiruka The Battle of Algiers ya mwaka 1966, inayohusu Waalgeria walivyopambana na Wafaransa, ambayo muziki wake aliutunga pamoja na mwongozaji, Gillo Pontecorvo.

Nayo The Mission ya mwaka 1986 je? Padri ameketi peke yake msituni akipuliza oboi, ala ya ukoo mmoja na zumari yetu ya pwani. Waguarani, wenyeji wa msitu huo wa Amerika Kusini, wanamzunguka na silaha zao, wanasikiliza, hadi mmoja anampokonya ala ile na kuivunja. Kwa muziki huo Morricone aliteuliwa kuwania Oscar, akaikosa. Alipewa ya heshima mwaka 2007, na ile ya kushindaniwa ikamjia mwaka 2016, akiwa na umri wa miaka 87, kwa The Hateful Eight, ambayo, kwa kejeli ya mambo, ni ya kauboi. Huenda ndiyo pekee aliyoitazama mwandishi wako.

Msomaji wako wa siku nyingi