Roboti haikati yenyewe, daktari ndo anaiendesha

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niongelee hii operesheni ya kansa ya koo inayofanywa na roboti kupitia mdomoni, maana watu wengi wanaogopa wakidhani mashine inaachiwa mgonjwa ifanye inavyotaka. Sio hivo kabisa. Daktari bingwa anakaa pembeni kwenye mtambo wake, anaangalia picha iliyokuzwa ya ndani ya koo, na mikono ya roboti inafuata mikono yake tu, yeye akitulia nayo inatulia.

Walioianzisha ni madaktari wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Gregory Weinstein na Bert O'Malley, na Desemba 2009 Marekani ikaruhusu itumike kwa uvimbe ambao bado mdogo. Zamani kufikia shina la ulimi au tonsili mara nyingi ilibidi wapasue mdomo wa chini wakate na taya, mtu akitoka hapo kumeza shida, kuongea shida, sura nayo imebadilika, jamani inauma sana.

Ila tusidanganyane, sio kila mgonjwa anafaa, uvimbe ukishakuwa mkubwa au mdomo haufunguki vizuri ndo basi, na wengine bado watahitaji mionzi baadaye. Tena utafiti wa ORATOR wa 2019, uliolinganisha operesheni hii na matibabu ya mionzi, ulionyesha waliopigwa mionzi walikuwa mbele kwenye kumeza, japo kidogo tu. Sasa nawaomba madaktari, mgonjwa aelezwe njia zote mbili kabla hajasaini fomu, na kwa lugha anayoielewa.

Ni mimi msomaji wenu.