Shukrani kwa dada wa Santa Maria del Popolo

Dada uliyetuchorea nyuma ya risiti pale Roma njia ya kuona picha za Caravaggio, mchoraji Mwitalia wa zamani, asante sana. Jina lako hatulijui, ila ramani yako ni ya kuaminika, nasi twaiweka hapa kwa wengine.

Anza asubuhi Santa Maria del Popolo, maana makanisa mengi ya Roma hufunga milango mchana. Kushoto kwa altare kuu kuna kikanisa cha Cerasi: Petro akisulubiwa, Paulo akianguka chini ya farasi, kazi za Caravaggio za 1600 na 1601. Shika Via di Ripetta moja kwa moja mpaka igeuke Via della Scrofa. Sant'Agostino iko pembeni, mkono wa kulia. Ingia, tazama picha ya Caravaggio katika kikanisa cha kwanza kushoto: mahujaji wamepiga magoti, nyayo za mmoja zimechafuka vumbi, ziko karibu usawa wa macho yako. Watu wengi hulipita kanisa hili, na ni hasara yao.

Mwisho ni San Luigi dei Francesi, kikanisa cha tano kushoto. Taa huwashwa kwa sarafu na huzimika baada ya muda mfupi, kwa hiyo vunja noti mapema, na sarafu ya kwanza itumie kwa ukuta wa kushoto, penye picha ya Caravaggio ya Mathayo anapoitwa na Yesu. Mwanga mle kwenye picha umechorwa ukitokea kulia, upande wa altare, ambako juu yake kuna dirisha la kweli.

Mabega na magoti yafunikwe. Misa ikianza, usizungukezunguke. Dada, ubarikiwe.