Barua ya Mwalimu Mkuu kwa Wazazi na Walezi: Kufunga Muhula wa Kwanza

Ndugu wazazi na walezi,

YAH: KUFUNGA SHULE, TUKIO LA JIKONI, NA FOMU ZA DHARURA

Salamu nyingi kutoka kwa walimu na wafanyakazi wote. Masika yametuacha, kusi imeshika, na watoto wenu tunawarudisha mikononi mwenu wakiwa salama. Safari hii usalama huo una watu waliousimamia, na kabla sijafika kwenye malalamiko yangu nataka muwajue.

Habari ya jikoni wengi mmeisikia vipande vipande, sokoni Makorora na kwenye daladala, na njiani ikaongezwa chumvi. Nimeulizwa mpaka msibani kama ni kweli shule imeungua. Shule haijaungua. Kilichotokea ni hiki.

Mnakumbuka kuni tuliziacha baada ya agizo la Serikali kwa taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100, tukaingia kwenye gesi. Asubuhi moja ya mwezi wa nne, uji ukiwa jikoni, mpira wa gesi wa jiko la pili ulilegea pale unapoungana na mtungi. Jiko la kwanza lilikuwa linawaka tayari. Moto ukaruka, ukashika magunia matupu yaliyokuwa yameegemezwa ukutani. Mpishi wetu hakupiga kelele wala hakuhangaika kuokoa sufuria. Alifunga koki ya mtungi, akatoka, akamtuma mtoto wa zamu akapige kengele ya hatari, ile ya mapigo mfululizo tuliyowafundisha. Mwalimu wa michezo akachukua mtungi wa kuzimia moto, akavuta pini, akalenga shina la moto badala ya ndimi zake, akafagia kulia na kushoto hadi ukazimika. Mwalimu wa zamu alikuwa ameshapiga 114. Zimamoto walipofika hapakuwa na moto wa kuzima, lakini walikagua mipira yote kwa povu la sabuni, na panapotoka mapovu ndipo panapovuja. Mpira ule tumeutupa.

Sasa watoto. Wazazi wangu, mngekuwepo! Madarasa yote yalitoka kwa mstari, wanatembea, mabegi wameyaacha juu ya madawati kama walivyoagizwa. Kila mtoto wa Darasa la Saba alikwenda kumshika mkono wa Darasa la Kwanza aliyepangiwa tangu Februari. Walikwenda moja kwa moja kwenye mikorosho, upande ambao upepo haupeleki moshi, na hakuna hata mmoja aliyekimbilia jikoni kutazama. Hilo msilichukulie jepesi. Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilipinduka na watu wakalikimbilia badala ya kulikimbia. Zaidi ya watu 100 walipoteza maisha. Kukaa mbali na hatari ni jambo la kufundishwa, na watoto hawa wamefundishika.

Walimu waliita majina kwa daftari la mahudhurio. Darasa la Pili akakosekana mmoja. Kiranja wao, mtoto wa miaka minane, akanyoosha mkono akasema mwenzake ameomba ruhusa ya chooni kabla ya kengele. Hakukimbia kumfuata. Alimwambia mtu mzima, mtu mzima akaenda, mtoto akaletwa. Nimefundisha miaka mingi, na sikumbuki siku nyingine niliyojivunia wanafunzi kiasi hicho. Wako watu wazima wengi ambao wangerudi ndani.

Shukrani ziwaendee askari wa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji waliokuja mwezi wa pili kutuendeshea zoezi, skauti wetu, na mpishi wetu, ambaye kamati ya shule imemwandikia barua ya pongezi.

Matokeo ya mtihani wa majaribio wa Darasa la Saba yamebandikwa ubaoni: Hisabati imepanda, Kiingereza bado kinatusumbua. Vyoo vya wasichana vimekamilika. Wawili wetu wamechaguliwa timu ya Jiji ya UMITASHUMTA, michezo ya shule za msingi, riadha na netiboli. Ripoti ya kila mtoto ameibeba.

Sasa tuseme yaliyobaki.

Mwezi wa kwanza kila mtoto alipewa fomu ya dharura. Ni ukurasa mmoja: namba mbili za simu za watu wanaopatikana mchana, ugonjwa alionao mtoto, dawa zinazomdhuru, na nani anaruhusiwa kumchukua shuleni. Fomu nyingi hazijarudi hadi leo. Nyingine zimerudi na jina la mtoto tu, kama vile sisi jina hatulijui.

Mwezi uliopita mvulana wa Darasa la Nne alianguka kutoka kwenye mwembe, mkono ukavunjika. Walimu walimfunga gango la mbao, wakamkimbiza hospitali ya Bombo kwa bajaji. Huku ofisini tukapiga namba ya kwanza: haitumiki. Ya pili akapokea mtu wa Muheza ambaye mtoto huyo hamjui. Ya mama ilikuwa imezimwa. Mtoto alikaa hospitali akimlilia mama yake, mwalimu wa kike akimbembeleza, mpaka baba alipopata habari kwa jirani karibu na magharibi. Kesho yake baba huyo alikuja ofisini kwangu akiwa na hasira, anauliza kwa nini hakuambiwa. Mzee wangu, tulikupigia. Namba uliyotuandikia ulishaiacha, na kuja kutuambia hukuja.

Wiki hiyo hiyo msichana alibanwa na kifua darasani. Kwenye fomu yake, penye swali la ugonjwa, palikuwa peupe. Kumbe ana pumu tangu utotoni na dawa ya kuvuta iko nyumbani, kabatini. Pumu, kifafa, siko seli si aibu ya kufichwa. Tukijua, tunajua la kufanya. Tusipojua, tunabahatisha na roho ya mtoto wako.

Kuna na hili: niliwauliza Darasa la Tatu namba ya simu ya mama au baba kwa kichwa. Wengi hawaijui, na hao hao wanakutajia kikosi kizima cha Coastal Union bila kukosea. Simu huisha chaji, huibiwa, huanguka majini. Namba iliyo kichwani mwa mtoto haipotei. Mfundisheni likizo hii, pamoja na 112 ya polisi, 114 ya zimamoto, 115 ya gari la wagonjwa na 116 ya msaada kwa mtoto.

Jambo lililoniuma zaidi nimelichelewesha makusudi, niandike hasira zikiwa zimepoa. Hazijapoa sana.

Wiki moja baada ya tukio la jikoni, wavulana wanne wa Darasa la Sita walichukua mtungi mwingine wa kuzimia moto, ule wa barazani, wakaumwaga wote wakirushiana unga. Mtungi ukabaki mtupu, na upande ule wa shule, wenye madarasa ya wadogo, ukakaa siku kadhaa bila kinga yoyote wakati tunatafuta fedha za kuujaza. Niliwaita wazazi wanne. Watatu walikuja, wakaomba radhi, wakalipa sehemu yao. Wa nne alikuja kuniambia kwamba ule ni utoto tu, unga ni unga, na kwamba shule inatafuta sababu ya kuchangisha watu.

Namjibu hapa kwa sababu najua wako wengine wanaofikiri kama yeye. Mwaka 2009, sekondari ya Idodi mkoani Iringa, bweni liliungua usiku, wanafunzi 12 wakafa. Septemba 2020, shule ya msingi Byamungu kule Kyerwa, watoto 10 hawakuamka. Wale walikuwa na wazazi kama ninyi, waliowaaga watoto wao wakitegemea kuwaona tena. Moto unapoanza, dakika mbili za mwanzo ndizo zenye nafasi, na katika dakika hizo hakuna gari la zimamoto linaloweza kuwa limefika. Kuna mtungi tu, na mtu anayejua kuutumia. Anayeumwaga kwa mchezo amewanyang'anya wenzake dakika hizo. Wavulana wale wamepewa kazi: kila Ijumaa wanakagua mishale ya mitungi yote, ile inayoonyesha kama mtungi uko tayari, na kuniandikia. Wanaifanya vizuri, na hilo nimelifurahia. Sehemu ya nne ya gharama bado nadai, na mhusika anajijua.

Utoro. Siku ambayo Mamlaka ya Hali ya Hewa imetoa tahadhari ya mvua kubwa, mzazi akimbakiza mtoto nyumbani sina ugomvi naye. Apige simu tu. Tuliona mwaka 2024 kimbunga Hidaya kilipoingia kupitia kisiwa cha Mafia jinsi tahadhari zile zisivyo za kupuuza. Utoro ninaousema mimi ni wa bamvua, siku ambazo bahari hujaa na kupwa kuliko kawaida. Daftari zinaonyesha wazi: maji yakikupwa sana, madawati ya wavulana yanabaki matupu, wako mwambani wanatafuta pweza. Wengine hurudi na ndoo za kuuza na mzazi hupokea bila swali. Wazazi wa pwani, mnajua kuliko mimi: wakati wa bamvua maji yetu hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na yakianza kurudi hujaza mikondo ya nyuma kwanza, mtoto anageuka kutazama ufukwe na njia haipo. Pweza huyo si mboga, ni rehani. Tumewafundisha kwamba mwenzao akizama wasijitose. Wamrushie dumu tupu lililofungwa kamba, kamba ya mkonge ya humu humu Tanga inatosha, huku mwingine anaita watu wazima. Lakini mahali pao siku ya masomo ni darasani.

Michango ya uji na ya sanduku la huduma ya kwanza mliikubali wenyewe kwenye kikao cha wazazi. Aliyebanwa aje aseme, atasikilizwa, na mtoto wake atakunywa uji kama wengine. Anayenikera ni anayeweza, akakaa kimya, na mtoto wake akianguka anauliza kwa nini bandeji zimekwisha.

Kazi ya likizo ni moja, ni ya nyumba nzima, na karatasi yake isainiwe na mzazi. Usiku mmoja, mtoto awaongoze kutoka vyumbani hadi nje taa zikiwa zimezimwa. Mtagundua mambo. Nyumba zetu nyingi zina nondo madirishani na geti la grili lenye kufuli, na ukiuliza ufunguo uko wapi, kila mtu anamtaja mwenzake. Ufunguo uwe na msumari wake karibu na mlango, mahali ambapo mtoto wa miaka saba anafika, mbali na mkono wa mtu wa dirishani. Jiko la mkaa lisilale ndani hata kama mvua inapiga. Gesi yake ya sumu haina harufu, na aliyelala haamki. Mtungi wa gesi ukinukia, msiguse swichi yoyote: fungeni koki, fungueni milango, tokeni. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, hutuama chini, kwa hiyo dirisha la juu peke yake halitoshi.

Vyeti vya kuzaliwa, kadi za kliniki na za bima viwekwe pamoja kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa, pamoja na tochi na dawa za anayetumia dawa kila siku. Maji safi ya kunywa, lita 3 kwa kila mtu kwa siku, yatoshe siku tatu. Mtoto akiharisha na dawa ya chumvichumvi haipo: lita moja ya maji yaliyochemshwa, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha, kisha hospitali. Aliyeungua amwagiwe maji safi ya bomba dakika 20, asipakwe dawa ya meno wala yai. Aliyeumwa na nyoka atulizwe, asichanjwe, asifungwe kamba ya kubana, apelekwe Bombo.

Tarehe ya kufungua iko kwenye ripoti. Siku hiyo nitasimama getini mwenyewe kupokea karatasi za likizo na fomu za dharura. Mtoto asiye na fomu ataingia darasani, ila mzazi wake nitamwita siku hiyo hiyo, na nikishindwa kumpata kwa simu nitamfuata nyumbani pamoja na mwenyekiti wa mtaa.

Ofisi itakuwa wazi Jumanne na Alhamisi asubuhi likizo yote kwa wanaotaka kujaza fomu upya. Njooni na namba ambazo mmezipiga wenyewe mkasikia zinaita.

Wenu katika malezi,

Mwalimu Mkuu
Tanga