Mwanangu, mlango unaotazamana na wenu ni wa nani?

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Ujumbe wako wa juzi nimeusoma mara tatu. Umeniandikia kodi ya chumba, umeniandikia kwamba choo ni cha ndani na mtakaa watatu, umeniandikia kuwa kutoka hapo hadi stesheni ya metro ya Malviya Nagar ni mwendo wa miguu. Mlango unaotazamana na wenu ni wa nani, hukuandika. Nikakuuliza kwenye simu, ukacheka, ukasema, "Mama, hii ni Delhi." Basi nimeshika kalamu, maana kwenye simu unanikatiza.

Najua kuwa hiyo ni Delhi. Nimekaa humo miezi minne na baba yako kwa matibabu yake, na ya miezi ile sikurudishii, unayajua. Ila mengine hukuyaona kwa kuwa ulikuwa bwenini. Hapo Khirki unapohamia ni kijiji. Dalali hatakwambia hivyo, atakuonyesha majumba ya biashara ya Saket yanayowaka taa ng'ambo ya barabara na hospitali zake, wewe utadhani umefika mjini. Vuka barabara uingie vichochoroni uone. Wazee wamekaa na buruma lao, kitanda cha kamba kiko nje, mwanamke akimwona mkwe wake anavuta mtandio hadi kidevuni. Wale ndio wenyewe. Mji umewakuta hapo.

Mama mwenye nyumba wetu ndiye aliyenieleza, mimi na Kihindi changu cha sinema, mjukuu wake akiziba palipopungua. Mwingereza alipokuja kupima ardhi ya Delhi, mwaka 1908, makazi ya kila kijiji yalizungushiwa mstari mwekundu kwenye ramani. Wanauita lal dora, uzi mwekundu. Ndani ya uzi watu wanalala, nje ya uzi wanalima na kulipia kodi. Baada ya uhuru mji ukataka nafasi, serikali ikatwaa mashamba, ikawaachia yaliyomo ndani ya uzi. Mwaka 1963 yale makazi yakasamehewa sheria za ujenzi za mji, na mtu aliyebaki na nyumba bila shamba atakula nini? Akapandisha ghorofa, akapangisha. Ndiyo sababu vichochoro vile ukinyoosha mikono unagusa kuta mbili, na nyaya za umeme juu zimefungana kama nywele zisizochanwa. Huko Khirki Extension unakokwenda, ubavuni mwa kijiji, ni nje ya uzi kabisa. Yalikuwa mashamba, yakakatwa viwanja bila idhini ya mji, kila mtu akajenga alivyoweza. Mnaolala humo ni nyinyi wageni: Wakongo, Wanaijeria, Wasomali, Waafghani, Wanepali, na Wahindi wenyewe waliotoka Bihar. Kila mtu wa kupita.

Hapo ndipo moyo wangu unaponiuma. Katika nyumba ya wapita njia, usiku ukitokea jambo, nani atasema "huyu binti namjua"?

Usiniambie nasoma habari sana. Januari 2014, hapohapo Khirki Extension, waziri wa serikali ya Delhi aliingia usiku na kundi la watu kuwasaka wanawake wa Kiafrika, wakiwemo Waganda, kwa tuhuma za mtaani tu. Mwanzoni mwa 2016 binti wa Kitanzania, mwanafunzi kama wewe, alishambuliwa na umati kule Bengaluru, kusini mwa India, kwa ajali ya gari asiyohusika nayo hata kidogo. Mei ya mwaka huohuo kijana wa Kikongo, mwalimu wa Kifaransa, alipigwa hadi kufa kule Vasant Kunj, Delhi hiyohiyo, kwa ugomvi wa bajaji. Wewe ulikuwa mdogo, mimi nilikuwa nasikiliza redio. Sisemi Wahindi ni wabaya. Nasema katika kila moja ya mambo hayo najiuliza, mlango wa karibu ulikuwa wa nani, na uliwahi kupokea salamu?

Kwa sababu wewe hili la salamu unalo, mwanangu, nikwambie ukweli. Akili Mungu kakupa, shahada ya pili umeipata bila mtu kukushika mkono, na mimi hapa Mbagala natembea kifua mbele. Lakini mama wa genge hapa nje alinilalamikia mwaka jana kwamba unampita kama nguzo. Ukiwa nyumbani nilikutetea. Huko nitakutetea vipi?

Na mimi sikuanza vizuri. Wiki tatu za kwanza nilikuwa napita mlangoni kwa yule mama nimeshika pua kwa ajili ya nyati wake wa maziwa aliyefungwa chini ya ngazi. Nilimwona mchafu. Yeye ananiangalia, mimi naangalia ukuta. Usiku ule baba yako alipoishiwa nguvu, saa nane, ghorofa ya tatu, ngazi zile upana wake ni bega moja, machela haipiti. Niligonga mlango mmoja tu, ule niliokuwa nauonea kinyaa. Wanawe wawili walimweka baba yako kwenye kiti cha plastiki cheupe, mmoja mbele mmoja nyuma, wakamteremsha hatua kwa hatua, na mama mwenyewe mbele yao anamulika kwa simu, kisigino chake kimepasuka, anasema dhire, dhire, polepole. Hicho kisigino ndicho ninachokiona nikifumba macho.

Baada ya hapo tukawa tunakaa pamoja darini, anaanika pilipili. Akanionyesha kwa kidole: pale penye majumba ya biashara palikuwa na ngano na haradali. Yeye mwenyewe si mzaliwa wa pale. Kwao binti wa kijiji haolewi kijijini, vijana wote wa kijiji ni kaka zake, kwa hiyo kila mke unayemwona humo aliletwa kutoka kijiji kingine, hajui mtu. Alikuja na umri chini ya wako. Ukitaka mtu anayejua ugeni katika vichochoro vile, mtafute mke wa mwenye nyumba, siyo dalali.

Aliniambia fedha ya fidia ya shamba walipewa, mumewe akanunua lori, lori likafa. Alisema shamba linalisha, fedha inaliwa. Mimi nilinyamaza. Nilikuwa na risiti ya benki kwenye pochi siku hiyo. Kaka yako bado anaamini kiwanja cha Chanika kilichukuliwa na barabara, na sitaki uongee naye habari hizo kwa simu, nitaongea naye mwenyewe.

Kutoka pale darini unaona msikiti uliokipa kijiji jina. Khirki ni dirisha, kwa madirisha yake ya mawe yaliyotobolewa. Ulijengwa na Khan-i-Jahan Junan Shah, waziri mkuu wa Firuz Shah Tughlaq, aliyetawala kuanzia 1351 hadi 1388. Paa lake ni miraba 25: minne ni nyua wazi, 12 ni bapa, tisa iliyobaki kila mmoja una kuba tisa ndogo. Ukiziangalia kwa juu ni kama vifuu vya nazi vilivyofunikwa kukauka. Hauswaliwi tena, uko chini ya idara ya mambo ya kale, na mwaka 2018, si muda mrefu kabla hatujafika, mafundi wa idara walikuta humo sarafu 254 za shaba. Baba yako aliniambia eneo lote lile lilikuwa mji wa Jahanpanah wa Muhammad bin Tughlaq, na huyo ndiye sultani aliyempa Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, ukadhi, yuleyule aliyeshuka kwetu Kilwa mwaka 1331. Baba yako alikuwa mgonjwa lakini siku hiyo alitembea mwenyewe hadi ukutani, akaweka kiganja kwenye jiwe, akasema, mke wangu, mtu alitoka kwenu akaja hapa, akapewa kazi. Alifurahi kama mtoto. Nenda ukaone, Ijumaa mchana, usiende peke yako.

Sasa ya kufanya. Ndani ya siku 14 tangu uingie India uwe umejiandikisha kwa ofisi ya wageni kama hujafanya hivyo, na mwenye nyumba lazima ajaze ile fomu ya kuripoti mgeni anayelala kwake. Akikwambia haina haja, hama. Namba ya dharura ni 112. Baridi ikianza usiingize jiko la mkaa chumbani mkafunga dirisha, watu wanalala hawaamki. Maji yanapanda asubuhi sana, ukisikia mota inaunguruma amka ujaze ndoo. Na siku ya kwanza, kabla hujafungua begi, gonga mlango unaotazamana na wenu. Peleka chochote, hata sahani ya visheti. Taja jina lako, taja kwenu, uliza jina lake. Mimi yule mama nilimwita Mataji, yaani mama, tu miezi yote, jina lake sikuuliza, na siku ya kuondoka teksi ilikuwa inapiga honi.

Nyumba ile ina mlango wa bluu, kichochoro cha pili ukitoka msikitini upande wa kushoto. Kama yupo, mwambie mke wa yule mgonjwa wa kiti cheupe anamsalimu.

Hapa tu wazima. Bibi yako mguu umetulia, anakula. Friji imekufa tena, fundi anasema ni gesi, mimi nasema ni fundi. Kuku wamebaki wanne. Kaka yako kapata kazi ya mkataba, miezi sita, bandarini. Ada ya mtoto wa shangazi yako nimelipa nusu, usitume hela, kaa nazo ulipie amana ya chumba.

Kuna jirani anampeleka mumewe Delhi kwa matibabu tarehe 20. Nimempa unga wa muhogo, visheti, na doti mbili za khanga, moja ya Mataji. Anayo nafasi ya pazia vilevile, kitambaa nimekwisha nunua, kile kizito cha kijani. Pima dirisha la chumba chako, urefu na upana, unitumie kabla ya Jumapili nimpelekee mshonaji. Na jina la mlango wa pili uliandike hapohapo.

Mama yako