We badilisha tu mlango

Mdogo wangu,

Nimeisikiliza voisi yako mpaka mwisho na bado nasema badilisha. Kwenye ule mchezo wa kutafuta gari nyuma ya milango mitatu, ukishachagua mmoja na mwendesha kipindi akafungua mwingine wenye mbuzi, wewe unasema imebaki milango miwili basi kubaki au kuhama ni fifti fifti. Haupo peke yako: mwaka 1990 Marilyn vos Savant aliandika kwenye jarida la Parade kule Marekani kwamba anayebadilisha ana chansi mara mbili ya anayegoma, akamiminiwa barua kama 10,000, nyingi za kumpinga, karibu 1,000 za watu wenye PhD! Na yeye ndo alikuwa sahihi. Hata Paul Erdős, na ukali wake wote wa hisabati, alikataa mpaka alipoonyeshwa matokeo ya kompyuta.

Haya, milango 3, mmoja una gari, miwili ina mbuzi. Umechagua namba 1, chansi yako ni 1 kati ya 3, hapo hatubishani. Mwendesha kipindi, ambaye anajua gari lilipo, anafungua namba 3, mbuzi huyo, anakuuliza unahama? Wewe unaona hesabu imeanza upya, lakini jamani yule hafungui hovyo, wako haruhusiwi kuugusa na wenye gari pia haruhusiwi, kwa hiyo kama ulikosea mwanzoni, na mara 2 kati ya 3 utakuwa umekosea, hana namna, lazima akuachie wenye gari. Mbuzi ungeonyeshwa tu, uwe umepatia au umekosa, kwa hiyo kuhusu mlango wako hajakwambia kitu.

Sasa hapa ndo patamu, na watu wanapapita mbio. Tuseme mwendesha kipindi naye hajui lolote, kafungua mmoja wa ile miwili usiyochagua kwa kubahatisha tu akatokea mbuzi. Mbuzi yule yule, mlango ule ule, ila hapo fifti fifti yako ni kweli kabisa! Maana mara 1 kati ya 3 angelifungua gari mwenyewe mchezo ukaharibika, na hizo zote zinatoka kwenye zile mara ulizokosea. Inabaki theluthi umepatia, theluthi umekosa, ngoma droo. Macho yameona kitu kile kile, kilichobadilika ni aliyefungua alikuwa anajua nini.

Kama bado unabisha, tafuta karata tatu, moja nyekundu mbili nyeusi, uwe wewe mwendesha kipindi, mimi nitahama kila raundi na wewe uandike matokeo. Ila uzichungulie kwanza kabla ya kunifunulia, usije ukabahatisha halafu ukasema umenishinda.

Kaka yako.