PRP na mji wa mimba: tunayokuambia kabla hatujachota damu

"Mnafanya ile ya damu?" Ndivyo simu nyingi za wanaotafuta mtoto zinavyoanza. Wanamaanisha PRP, yaani plazima ya damu iliyojaa chembe sahani. Tunafanya, ila si kwa kila anayeuliza.

Damu yenyewe ni yako. Tunachota mkononi, tunaitia kwenye mashine inayoizungusha kwa kasi, chembe nyekundu zinatuama chini na juu yanabaki maji ya manjano, yaani plazima. Humo tunakusanya chembe sahani, zile zinazogandisha damu ukijikata. Kwa kawaida mikrolita moja ya damu huwa nazo 150,000 hadi 450,000. Tunachotafuta ni mara 3 hadi 5 ya hapo. Chembe hizi hutoa protini zinazochochea seli kukua na mishipa midogo ya damu kuchipua.

Tunaitumia hasa kwa utando mwembamba wa mji wa mimba. Kabla ya kuhamisha kiinitete (mimba changa iliyotungwa maabara) kwenye mji wa mimba, madaktari wengi hutaka utando ufike walau milimita 7, na kuna akina dada ambao hata wakipewa homoni ya estrojeni haunenepi. Hapo tunapitisha mpira mwembamba kwenye mlango wa kizazi na kuingiza nusu mililita hadi mililita moja ya plazima. Hakuna kisu, tumbo linaweza kunyonga kidogo kama siku za hedhi. Watafiti wa China waliripoti matumizi haya mwaka 2015, kwa hiyo bado ni jambo changa.

Kudunga PRP kwenye ovari, yaani vifuko vya mayai, ni habari nyingine. Mwanamke huzaliwa na mayai yake yote, kati ya milioni 1 na 2, na hakuna ushahidi thabiti kwamba PRP huumba mengine. Tukisikia "kurudisha ujana wa ovari" tunakunja uso. Mwaka 2023 ESHRE, jumuiya ya wataalamu wa uzazi ya Ulaya, ilishauri PRP isitolewe kama huduma ya kawaida, iwe kwenye ovari au kwenye mji wa mimba. Karatasi ya ridhaa utakayotia saini inasema hivyo waziwazi.

Mirija iliyoziba haizibuliwi na plazima, wala mbegu hafifu za mume haziguswi. Ndiyo maana baba naye tunamwomba aje apimwe (hapo simu nyingi hukatika).

Tuambie mapema kama unatumia aspirini au dawa za kuzuia damu kuganda, lakini usiziache kabla ya kumwuliza daktari aliyekuandikia. Tuambie pia kama una maambukizi ya nyonga au umewahi kuugua saratani. Na njoo na vipimo vyako vya zamani, hata vile ulivyochoka kuvitazama.